Jua la Oktoba Mbeya: viazi na parachichi, mtindi, togwa au usipa?

Mtu wa Dar es Salaam akija kwetu hubeba sweta, na kama amekuja Juni au Julai hajakosea. Ila sisi tunaoishi Mbeya tunaujua na mwezi wa kumi. Katikati ya Oktoba, saa sita na nusu hivi mchana, jua linapita juu ya utosi kabisa. Mawingu ya mvua bado hayajajikusanya, na mvua zenyewe mara nyingi hutusubirisha hadi Novemba iishe. Vumbi linapanda, midomo inapasuka, na jiko langu, ambalo paa lake ni bati tupu bila dari, halikaliki kuanzia saa tano. Usiku ubaridi unarudi, na huo ndio unaotuokoa, kama nitakavyoeleza.

Watu lazima wale hata hivyo. Kwangu mchana tunakaa saba: watoto wanne, mama mkwe, mume wangu akiwa hana safari, na mimi. Ugali wa moto na mchuzi wa moto saa saba ya Oktoba unaacha sahani zimejaa nusu na watoto wanaomba maji. Baada ya misimu kadhaa vyakula vinne vimebaki jikoni kwangu kwa miezi hii: viazi mviringo vilivyopoa na parachichi, mtindi na viazi vitamu, togwa (kinywaji cha uji na kimea), na usipa (samaki wadogo wakavu) wa kikaangoni. Naviweka hapa kimoja kando ya kingine ili uchague kinachoifaa nyumba yako. Wali wa baridi nao utauona, kwa sababu wengi hukimbilia huko na nina neno nao.

Ninavyopima

Kwanza naangalia moto. Nahesabu dakika ambazo jiko linawaka mchana, kwa sababu joto la mkaa haliondoki sufuria ikiepuliwa, linabaki limejibanza chini ya bati hadi alasiri. Pili, chakula kikishaiva kinaweza kungoja saa ngapi bila friji? Umeme ukikatika, friji ni kabati tu. Tatu ni shibe: mtoto aliyekula saa saba atarudi kudai chakula saa ngapi.

Neno "chepesi" linatupotosha. Wengi wakisikia chakula chepesi wanafikiria kachumbari peke yake au kipande cha tikiti. Hicho ni kiburudisho, na saa tisa utakuwa umerudi jikoni kuwasha moto ule ule uliokuwa unaukwepa. Kwangu chakula chepesi ni kile kisichomlemea mlaji tumboni wala kumchosha mpishi, na bado kinamfikisha mtu jioni.

Kuhusu moto kuna jambo la huku milimani ambalo wapishi wengi wanalihisi bila kulitaja. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi. Kyela, kwenye mita kama 500 kule karibu na Ziwa Nyasa, yanachemka karibu na nyuzi 98. Kwa kusikia ni tofauti ndogo, ila maharage yanaijua. Yale yale ninayonunua soko la Mwanjelwa nikimpelekea wifi yangu Kyela yanaiva mapema kuliko kwangu. Sufuria yangu inatokota kwa nguvu, mvuke unajaa jiko zima, lakini maji hayapandi zaidi ya nyuzi zile 94 hata ukiongeza mkaa. Iringa mjini, Makambako na Njombe hali ni hiyo hiyo, na Njombe ndiyo imezidi kwa kuwa iko juu zaidi.

Ndiyo maana kande na maharage nimeviondoa kwenye mchana wa Oktoba. Nikivitaka, naloweka usiku kucha, namwaga maji ya kulowekea, na kupika alfajiri kukiwa bado na ubaridi. Mchana navipasha tu.

Viazi na parachichi

Hiki ndicho chakula changu cha kwanza, na nitakikalia kidogo kwa sababu kinaonekana rahisi mpaka ukikosee.

Saa kumi na mbili asubuhi, wakati maji ya chai yanachemka, viazi vinaingia jikoni navyo. Navikata vipande vikubwa kiasi cha yai dogo, natia chumvi, na baada ya dakika 20 hivi vimeiva. Chagua viazi visivyo vya unga sana. Vile vinavyochanua na kupasuka ni vizuri kwa kuponda, lakini vikipoa vinamomonyoka na sahani inakuwa rojo. Kwenye sado ya viazi vya Uyole mara nyingi aina zimechanganyika, kwa hiyo nyumbani navitenga: vya unga kwa jioni, vigumu kwa mchana. Vikiiva namwaga maji, natandaza kwenye sinia vipoe upesi, kisha nafunika kwa kitambaa safi na kuviweka mahali penye kivuli na upepo. Nisingeviacha ndani ya sufuria iliyofunikwa, maana humo vinakaa vuguvugu kwa saa nyingi, na uvuguvugu ndio unaoharibu chakula. Mchana wa Oktoba ukiwa mkali sana navipika karibu na saa tano badala ya alfajiri, ili visingoje zaidi ya saa mbili.

Kitunguu nakikata chembamba, nakifikicha na chumvi, nakisuuza ukali utoke. Nyanya nazipenda za Ilula, zile ngumu zinazovumilia safari ya lori, kwa sababu hazitoi maji mengi kwenye sahani. Hoho kidogo, majani ya giligilani, ndimu moja. Parachichi linakuja mwisho, watu wakiwa wameshanawa mikono.

Na sasa parachichi lenyewe. Huku tumebarikiwa: Rungwe na Njombe wanalilima kwa wingi, na kwa kuwa miti ya bondeni haiivi pamoja na ya mlimani, ni nadra kulikosa sokoni. Mama ninayenunua kwake Mwanjelwa haanzi kwa kuniuliza nataka mangapi. Huuliza, "Dada, unakula leo au kesho?" Nikimjibu leo mchana, halibonyezi tumboni kama tunavyofanya sisi wateja, maana kila kidole kinaacha doa jeusi ndani. Analilaza kiganjani, anagusa kwa dole gumba shingoni tu, pale karibu na kikonyo. Akiwa na shaka anakibandua kikonyo. Pakiwa na kijani chenye umanjano chini yake, ananipa. Pakiwa kahawia analiweka pembeni, hata kama ganda linang'aa. Rangi ya ganda haimdanganyi, kwa sababu Hass ikiiva inageuka nyeusi, na Fuerte inaiva ikiwa bado ya kijani.

Kuna wanaodhani parachichi ni tunda tu la kupoza koo. Gramu 100 zake zina mafuta kama gramu 15 na kalori kama 160. Ndiyo sababu sahani hii haihitaji mafuta ya kupikia hata kijiko, na ndiyo sababu watoto wangu wakiila saa saba siwasikii hadi saa kumi na moja. Kiazi nacho kikipoa, sehemu ya wanga wake hubadilika na kumeng'enywa polepole zaidi.

Udhaifu wake upo, tena mkubwa. Parachichi likikatwa halingoji. Ndimu huchelewesha weusi, haiuzuii. Kwa hiyo chakula hiki hakifai kubebwa shambani wala kufungiwa mtoto wa shule. Halafu vitu vibichi vinataka maji safi. Msimu huu wa kiangazi visima hupungua na maji ya bomba huja kwa zamu, na mtu hushawishika kuosha nyanya kwa maji yaliyobaki kwenye ndoo ya vyombo. Ndimu haiui wadudu wa kipindupindu na homa ya matumbo kiasi cha kuiamini. Kama sina maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa, siku hiyo kachumbari haipo. Nakula viazi na parachichi kwa chumvi na ndimu, basi.

Mtindi na togwa: hapa ndipo watu hubishana

Nyumbani kwetu ubishi huu ni wa kila mwaka. Mume wangu ni mtu wa Tukuyu, amekulia kwenye maziwa na migomba. Mama yake alizaliwa Iringa, akaolewa Rungwe, lakini moyo wake ulibaki kwenye togwa. Nimewasikiliza wote wawili, na nimepika vyote viwili vya kutosha kuvitofautisha.

Mtindi unaanza na maziwa yaliyochemshwa. Hili silifanyii masihara, kwa sababu maziwa mabichi ya ng'ombe yanaweza kubeba brusela na kifua kikuu. Nayachemsha, nayaacha yapoe hadi kidole kivumilie, natia kijiko kimoja cha mtindi wa jana, nafunika, siyatikisi. Julai ningesubiri hadi kesho yake alasiri. Oktoba yakilala usiku mmoja, asubuhi yameganda kama yai la kuchemsha. Viazi vitamu navichemsha jioni na maganda yake, vinalala kwenye ubaridi wa usiku, na mchana navimenya tu. Moto wa mchana ni sifuri. Kiazi kitamu cha baridi, kilichokaza, kinachovuta utamu wake mwenyewe, ukikichovya kwenye mtindi mchachu huhitaji sukari wala kitu kingine. Mtindi unatoa protini na madini ya mifupa, na mtu ambaye maziwa matamu humsokota tumbo mara nyingi huuvumilia mtindi, kwa kuwa sehemu ya sukari ya maziwa imeshaliwa na vijidudu vilivyoyagandisha.

Togwa ni habari nyingine kabisa. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha, na alianza na kimea, siyo na unga. "Mwanangu, ukiwa na kimea kibaya hata usiwashe moto," aliniambia. Ulezi unalowekwa usiku mmoja, unafunikwa kwenye gunia bichi siku mbili tatu hadi uote vijimkia vyeupe, unaanikwa, unasagwa. Jua la Oktoba linaukausha kwa siku moja au mbili, na hapo ndipo jua hili linapotulipa. Siku za mvua ule ulezi huota ukungu kabla haujakauka, na wenye ukungu unatupwa.

Unapika uji mzito wa mahindi, mzito kweli, unaupoza hadi uwe vuguvugu, ndipo unakoroga unga wa kimea. Nakumbuka mara ya kwanza. Mwiko ulikuwa umesimama wima katikati ya sufuria kama mti. Mama mkwe akatia kimea vikombe viwili, akaniambia nikoroge bila kuacha. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha mkono wangu ukaanza kuhisi wepesi, na mwiko ule ukaegemea ukingo wa sufuria wenyewe. Hakuwa ameongeza hata tone la maji. Nikaonja, ukawa mtamu, na hakuna aliyetia sukari. Kimea kinaukata wanga wa mahindi kuwa sukari, ndiyo siri yake, na ndiyo maana uji ukiwa wa moto sana haifanyi kazi: kile kinachokata wanga kinakufa kwa joto. Ukiacha hadi kesho yake inachachuka kidogo, na uchachu huo unavizuia vijidudu vingi vya kuharisha visizaliane. Siku ya pili ndiyo siku yake. Siku ya tatu inaanza kuwa kali, na ukiendelea kuiacha inaelekea kuwa kileo, hivyo watoto hawaipati.

Nani anywe kipi? Kama una watu wa kazi nzito nje, fundi ujenzi, mbeba matofali, mtu anayelima bustani ya umwagiliaji Oktoba hii, nampa togwa bila kufikiri mara mbili. Ni maji, ni sukari, ni wanga, vyote kwenye kikombe kimoja, na anainywa akiwa amesimama. Unabeba kwenye dumu, huhitaji sahani. Ila haina protini ya kutosha. Ukimlisha mtoto togwa tupu mchana wiki nzima, umempa nguvu ya kukimbia, hujampa cha kukulia. Kwa watoto na kwa wazee nachagua mtindi. Kwa mtoto mdogo anayeanza kula, sitoi togwa iliyolala. Baada ya kimea kuulainisha uji naurudisha jikoni uchemke tena, kisha anakula siku hiyo hiyo.

Mume wangu husema mtindi unashibisha zaidi. Ukiwa na viazi vitamu, ni kweli. Mtindi mtupu kwenye kikombe na togwa nzito kwenye kikombe, mimi ningeipa togwa.

Usipa

Hapa sitakaa sana, kwa sababu usipa hauna mambo mengi. Samaki hawa wadogo wa Ziwa Nyasa wanafika Mbeya wakiwa wamekaushwa, na wana sifa moja kubwa: moto wake ni dakika kumi. Nachagua wanaong'aa kama fedha. Walioanza kuwa wa njano mafuta yao yameshaharibika, na hakuna ndimu itakayoficha. Nawapepeta mchanga utoke, naosha mara mbili kwa maji ya vuguvugu, nakamua, nawatia kwenye kikaango chenye mafuta kijiko kimoja. Nageuza hadi waanze kutoa sauti ya kukatika wakigongana. Naepua, nakamulia ndimu, natia kitunguu kibichi na pilipili.

Usipa wakikaushwa vizuri hivyo, bila mchuzi na bila nyanya, wanafika jioni wakiwa salama, hata kwenye begi la mwanafunzi. Wanaliwa na mifupa yao, kwa hiyo madini hayaachwi sahanini. Tatizo ni kwamba wanataka mwenzao. Usipa na ugali ndilo jibu la kawaida, na ugali ni moto wa mchana, dakika 20 za kusonga huku jasho likidondoka. Mimi nawaweka juu ya viazi vilivyopoa, au pembeni ya ndizi za Kiwira zilizochemshwa asubuhi. Mama mkwe hakupenda mwanzoni, sasa anaomba mwenyewe.

Kwa protini, usipa na mtindi ndivyo vinavyoongoza katika vyakula hivi vinne. Mwenye ng'ombe au jirani mwenye ng'ombe achukue mtindi, asiye naye achukue usipa.

Wali wa baridi

Mkoani kwetu mchele ni fahari: wa Kyela wenye harufu yake, wa Usangu kule Mbarali. Kwa hiyo ni kawaida mtu kupika wali mwingi asubuhi, akaujaza kwenye hotpoti, mchana akala na mtindi au kachumbari. Unaonekana chakula chepesi kuliko vyote. Mimi ndicho ninachokiogopa kuliko vyote.

Miaka michache iliyopita nilikuwa Kyela kwa wifi, mwanzoni mwa Novemba. Tulipika wali wa nazi saa mbili asubuhi ili tuwahi shughuli ya ukoo, tukaufungia kwenye hotpoti, tukarudi saa tisa na njaa. Wifi akafunua. Harufu haikuwa mbaya, ilikuwa ya nazi tu. Lakini nilipouchota kijiko kikavuta uzi mwembamba, unaoteleza, mfupi. Nikamwambia, "Wifi, huu tumwage." Akasita, maana ulikuwa mchele wa kilo mbili, akasema tuupashe moto. Tukaupasha, tukala wawili watatu. Usiku ule hatukulala.

Baadaye nilielewa kwa nini kuupasha hakukutusaidia. Kuna bakteria wa mchele ambao mbegu zao hazifi wali unapoiva. Wali ukikaa vuguvugu zinachipua na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha tena. Hotpoti inafaa kama chakula kinabaki cha moto kweli, zaidi ya nyuzi 60. Kikishuka hapo na kubaki vuguvugu, umewatengenezea wadudu kitanda. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Viazi vyangu vya alfajiri na viazi vitamu vya usiku vinapita hapo, nakiri, lakini kwa wali, hasa wa nazi, hasa Kyela, mimi ninaichukua kama sheria ya nyumba.

Ukiutaka wali mchana wa joto, pika kidogo, saa tano na nusu, utandaze kwenye sinia, ule kabla ya saa saba na nusu na mtindi wa baridi juu yake. Ni mtamu sana hivyo. Kiporo cha asubuhi kiache kwa miezi ya baridi, nacho kiwe kimelala kwenye friji inayofanya kazi.

Unakaa wapi

Ushauri wangu mwingi hapo juu ni wa mtu wa Mbeya mjini, na utamfaa wa Iringa mjini, Mafinga na Njombe. Sababu ni usiku. Huku hata Oktoba usiku unapoa, ndiyo maana kiazi kitamu nakiacha kilale. Tena hewa ni kavu. Mtungi wa udongo uliojaa maji, uliowekwa kivulini penye upepo, unatoa jasho, na jasho likikauka linaondoka na joto. Mimi naweka chombo cha mtindi ndani ya karai lenye maji kidogo, nakifunika kwa kitambaa kilicholowa ambacho pindo zake zinagusa maji. Saa saba mtindi unatoka umepoa kama umekuwa kwenye friji dhaifu.

Wa Usangu na wa Pawaga kule Iringa wana jua kali kuliko letu, lakini hewa yao ya kiangazi nayo ni kavu, kwa hiyo mtungi na kitambaa vinawafaa sana. Wa Kyela ndio wenye shida. Hewa ya kule ina unyevunyevu wa ziwa, kitambaa hakikauki, mtungi unapoza kidogo tu, na usiku wenyewe ni wa joto. Kule nisingeandaa jioni kitu cha kuliwa kesho yake mchana. Ningekwenda na usipa wa siku hiyo, togwa ya siku moja, na matunda. Maembe yanapoanza, Novemba na Desemba, wao ndio wanaotutangulia, na papai na tikiti haviwapungukii. Tikiti ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, tango limezidi hapo. Yale saa kumi alasiri, yale kabla ya chakula, yale utakavyo, ila usiyahesabu kuwa mlo.

Kwa nyumba yangu ya watu saba nimegawanya hivi: siku tatu za wiki viazi na parachichi, siku mbili mtindi na viazi vitamu, siku moja usipa, na Jumapili napika wanachotaka kwa sababu tunakula jioni uani jua likiwa limeshazama nyuma ya mlima. Togwa iko kwenye dumu lake siku zote, haina zamu. Ungekuwa unakaa peke yako chumba kimoja na jiko la gesi, ningekwambia uanze na usipa na viazi: mtungi mdogo wa gesi utakwenda mbali, na hakuna kitakachooza. Ungekuwa na mtoto mdogo aliyeshaanza kula au mzee ndani, anza na mtindi.

Na mgeni akiingia saa saba bila taarifa, kama wageni wetu wanavyoingia, mpe kwanza togwa kwenye kikombe kikubwa. Akiwa anakunywa, tuma mtoto kwa mama wa parachichi, amwambie ni la kuliwa sasa hivi.